Kizibo cha Mkaratusi

Simu ya maandishi ilifika posta ya Mbeya siku ya Jumatano mchana, na mpaka mtu wa kuibeba alipokanyaga ua wa Damari, nyuma ya soko la Mbalizi, jua lilikuwa limekwisha kuegemea milima. Maneno yake yalikuwa machache. Asukile, mwana wa Damari, alikuwa amefariki jana yake kwa kichomi. Maziko yangefanyika Kihesa, Alhamisi saa kumi. Chini kulikuwa na jina moja, Liberatus.

Damari hakulia. Alimwuliza aliyemsomea, "Kihesa ni wapi?" Akaambiwa ni Iringa, ng'ambo ya mji. Akauliza ni maili ngapi. Akaambiwa zinapita mia mbili. Basi la kwenda huko lilikuwa limeondoka asubuhi ileile, na lingine lingepita Jumamosi. Hapo ndipo alipoinuka, akakaza kaniki yake kiunoni, akaenda kwa miguu mpaka kwa Bwana Saulo, mwuza viazi na mbao, kwa kuwa katika watu wenye magari huyo ndiye aliyemfahamu.

Saulo hakuwa na haja ya kuombwa mara mbili. Milango ya nyumba yake yote ilitoka mikononi mwa Asukile, kabla kijana huyo hajahamishia useremala wake Iringa. Akamwita dereva wake, Yotamu, aliyekuwa uani akifuta matope kwenye magurudumu.

"Kesho alfajiri umpeleke mama Kihesa. Afike kabla ya saa kumi."

"Atafika," Yotamu akajibu.

Damari akamgeukia. Alikuwa mama mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alizungumza kana kwamba maneno aliyapima kwanza. "Mwanangu," alisema, "miaka sita sijamwona. Nataka nimwone uso. Uso tu. Wakimfukia kabla sijamwona, mimi nitakaa nikimngoja mpaka nife. Kila atakayebisha hodi nitadhani ni yeye."

"Utamwona, mama," Yotamu akasema, na alilisema lile neno kwa moyo wake wote.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, Msafwa wa hapohapo Mbalizi. Miaka miwili alikuwa mwanafunzi wa fundi Kasian kule Mbeya mjini, na tangu Aprili ya mwaka ule wa hamsini na nne ndiye aliyekuwa dereva na fundi wa gari la Saulo. Aliipenda kazi yake kama wengine wanavyopenda uimbaji. Aliamini kwamba gari halisemi uongo. Ukiliuliza kwa utaratibu, litakujibu. Na utaratibu wa Kasian aliushika kama mtoto wa sakramenti anavyoshika majibu ya katekisimu. Gari likikosa petroli, kwanza fungua tanki, tumbukiza kijiti, uhakikishe petroli imo. Kisha ifuate petroli njiani mwake, hatua kwa hatua, kutoka tanki mpaka kwenye bakuli la kioo, kutoka bakuli mpaka pampu, kutoka pampu mpaka kabureta. Usiruke hata hatua moja.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kabla ya vita, iliyopitia mikono ya wenyewe watatu. Tanki lake lilikuwa chini ya kiti, na mdomo wa kujazia ulitokeza nje, karibu na mlango wa kushoto. Jumatatu ya wiki ile kofia ya tanki ilikuwa imepotea. Labda ilidondoka njiani, labda kuna aliyeipenda. Yotamu alitafuta nyingine mji mzima asiipate, basi akachonga kizibo cha mkaratusi, akakivika mpira wa tyubu, na kingo zake akazizungushia nta ya nyuki, kama watu wa kwao wanavyoziba vibuyu vya asali wasiingie sisimizi. Alilijua vumbi la barabara ya Iringa mwezi wa Septemba. Vumbi likiingia kwenye petroli, safari imekwisha. Jioni ile ya Jumatano, baada ya kujaza tanki na kupakia debe moja la akiba, alikipaka nta mpya, akakigonga kwa kiganja, akasikia kimekaa barabara. Alikwenda kulala akiwa ameridhika.

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi. Damari alikaa katikati. Upande wa mlango alikaa kaka yake mkubwa, Isakwisa, mzee mwenye koti la kijivu na mdomo usiotulia, aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Tangu siku hizo hapakuwa na mashine asiyodai kuijua.

"Kijana," alianza hata kabla hawajavuka Mbeya, "hiki kigari kina umri gani?"

"Kimenizidi kidogo, mjomba. Si sana."

"Basi kiamkie kila asubuhi. Nyie Wasafwa adabu mnayo, lakini kwa ng'ombe tu."

Yotamu akatabasamu gizani. Utani wa namna ile ulipunguza uzito uliokuwa ndani ya gari. Mikono ya Damari ilikuwa imefunika kitambaa kilichofungwa fundo, chenye shuka jeupe la kumvika mwanawe.

Walipita Igurusi kukiwa kumekucha vizuri. Maili chache mbele, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikavuta kwa kushtukashtuka kama mtu anayesinzia kanisani, kisha ikanyamaza. Gari likajiviringisha mpaka kando ya barabara, likasimama.

"Limekufa?" Isakwisa akauliza.

"Limezimika tu, mjomba."

"Kufa na kuzimika tofauti yake nini?"

"Lililozimika linawashwa."

Isakwisa alifungua mdomo kujibu, akamtazama dada yake, akaufunga. Akajifanya anakohoa.

Yotamu hakufadhaika. Alishuka, akazunguka upande wa kushoto, akachomeka bisibisi kwenye ukingo wa kizibo. Kilikuwa kigumu kung'oka, na ugumu ule ulimpendeza. Akakivuta, akatumbukiza kijiti: petroli tele. Akakirudisha kizibo, akaisawazisha nta yake kwa kidole gumba, ndipo akafungua boneti. Akalegeza lile bakuli la kioo lililo chini ya pampu. Ndani mlikuwa na chembe nne tano za mchanga. "Nilijua," akajiambia. Akaliosha bakuli, akakifuta kichujio chake cha waya kwa kitambaa safi, akafunga. Akazungusha hendeli mbele ya gari mara nne. Injini ikaunguruma.

"Mchanga, mama," akasema alipoketi. "Ulikuwa umeziba. Sasa tumeusafisha."

"Ndaga, mwanangu," Damari akajibu. Ahsante.

Ilikuwa saa mbili. Walikuwa wamepoteza dakika arobaini, na Yotamu hakuona kwamba ni nyingi.

Karibu na Igawa likazimika tena. Sasa walikuwa tambarare ya Usangu, jua kali, upepo ukivuma na kusukuma vumbi kama moshi wa shamba linalochomwa. Yotamu akarudia utaratibu wake tangu mwanzo. Bisibisi, kizibo, kijiti. Petroli imo. Kizibo mahali pake, nta juu yake. Bakuli la kioo lilikuwa safi. Akaukamata mrija wa petroli, ukamwunguza. Akakumbuka Kasian aliwahi kusema kwamba petroli ikipata joto sana hugeuka mvuke mrijani, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Akalowesha gunia kwa maji ya kunywa, akalizungushia pampu na mrija, wakangoja robo saa. Akazungusha hendeli. Gari likawaka.

"Joto," akasema.

"Kwanza mchanga, sasa joto," Isakwisa akasema. "Lina magonjwa mengi kuliko shangazi yangu. Kule Lupa mashine ikigoma tulikuwa tunaipiga nyundo mara moja tu, palepale inakumbuka kazi yake."

"Na ikivunjika, mjomba?"

"Ikivunjika tunamwambia Mzungu kwamba tuliikuta hivyo."

Walipoanza kupanda kutoka tambarare kwenda Makambako, hewa ikapoa. Yotamu akawa na tumaini kwamba joto limeisha na ugonjwa umeisha. Alikuwa akihesabu maili moyoni. Kilimani, kwenye kona yenye majabali, mguu wake ulikandamiza mafuta mpaka mwisho lakini nguvu hazikuja. Gari likashtuka, likashtuka, likafa kabisa. Alilizuia kwa breki, Isakwisa akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Ilikuwa saa tano. Yotamu alifungua kizibo, akapima, akafunga. Alifungua kabureta, akatoa vijitundu vya shaba ambamo petroli hupita, akavipuliza kimoja kimoja akivielekeza kwenye jua mpaka aone mwanga ng'ambo ya pili. Vilikuwa safi. Alivipuliza tena hata hivyo. Kazi ile ilichukua saa nzima, na alipomaliza gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli, kana kwamba halijawahi kuugua.

Hilo ndilo lililomchanganya. Kila alilolifanya liliponya. Kila dawa ilikuwa dawa ya kweli, na ugonjwa ulikuwa ukirudi.

Likazimika tena kupita Makambako, kwenye nyasi ndefu za Ubena. Safari hii aliifungua pampu yenyewe, akatoa ile ngozi yake ya ndani inayopanda na kushuka, akaitandaza kwenye kiganja akatafuta ufa. Haukuwapo. Akairudisha. Jasho lilimtiririka ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Isakwisa hakutania tena. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiangalia kivuli chake kilivyokuwa kifupi na kilivyoanza kurefuka upande wa pili.

Damari hakuwa ameshuka hata mara moja tangu Mbalizi. Alikuwa ameketi palepale katikati ya kiti, amelikumbatia fundo lake. Yotamu alipopanda kushika usukani, akamwuliza, "Tutafika?"

Yotamu alitaka kusema tutafika. "Najitahidi, mama," akasema.

"Naona," Damari akajibu.

Saa nane na robo, wakiwa bado hawajafika Sao Hill, injini ikakohoa kwa mara ya tano. Pande zote mbili palikuwa na misonobari michanga iliyopandwa mistari, imenyamaza kama watu waliosimama kuangalia. Mbele yao kulikuwa na maili hamsini na ushei. Yotamu alikaa kidogo mikono ikiwa usukanini. Alikuwa amekwisha safisha kila kitu kinachosafishwa. Hakubakiwa na hatua ya kuiruka wala ya kuifuata. Akashuka kwa sababu kushuka ndiyo kazi yake, akachukua bisibisi, akazunguka upande wa kushoto kuanza tena mwanzo.

Alikuta Damari ameshuka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameweka kiganja juu ya kiti alichokuwa amekalia.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Kuna jambo sijawaambia."

Isakwisa akasogea.

"Kila gari linapotaka kuzimika," Damari akasema, "kuna kitu kinagonga chini yangu. Mara moja tu. Ti! Kama debe tupu ukilibonyeza ubavu. Halafu gari linaanza kukohoa. Na wewe ukishuka, ukaking'oa hicho kizibo chako, kinagonga tena. To! Kama kinarudi mahali pake."

"Mara zote, mama?"

"Mara zote tano. Hii ya tano hujang'oa bado, basi hakijarudi." Akakipapasa kiti. "Sikusema kwa sababu nilidhani ni yeye. Asukile. Alikuwa anagonga hivyo mbao zake kwa kidole kabla hajazikata, anasikiliza. Nikadhani ananiambia nisichoke."

Yotamu alisimama na bisibisi mkononi. Akili yake ikashika neno moja: debe. Debe ukilibonyeza ubavu. Nani aliyelibonyeza tanki ubavu? Petroli ilikuwa ikitoka. Pampu ilikuwa ikiivuta tangu Mbalizi, galoni baada ya galoni. Petroli inapotoka, kitu lazima kiingie badala yake. Na hapakuwa na pa kuingilia.

Akainama chini ya gari, akapapasa ubavu wa tanki kwa kiganja. Ulikuwa umeingia ndani, umebonyea kama shavu la mtu anayenyonya mfupa.

"Mjomba," akasema kwa sauti isiyokuwa yake, "njoo usikilize hapa. Weka sikio."

Isakwisa akapiga magoti kwenye vumbi. Yotamu alichomeka bisibisi, na safari hii hakukivuta kizibo kwa nguvu, alikiinua upande mmoja, taratibu. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu mwembamba, kama mtu aliyekuwa chini ya maji anapotoa kichwa. Kisha tanki likalia chini ya kiti: to!

"Mungu wangu," Isakwisa akasema.

Yotamu akaketi chini kwenye nyasi. Sasa aliiona kofia ya zamani mbele ya macho yake, bapa, nyeusi, na katikati yake kitundu kidogo kama cha sindano. Alimwona Kasian akichokoa kitundu kama hicho kwa waya kila anapojaza petroli, huku akipiga mluzi, naye mwanafunzi akidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyochokoa meno akishakula. Kasian hakumweleza, na yeye hakuuliza. Kitundu kile ndicho kilichokuwa pua ya tanki. Na kila aliposimama tangu asubuhi, hatua yake ya kwanza, ile ya kufungua na kupima, ndiyo iliyoliponya gari. Mengine yote yalikuwa kupoteza wakati. Mchanga, joto, vitundu vya kabureta, ngozi ya pampu. Saa tatu za mama huyu.

Angeweza kusema ni kutu. Angeweza kusema ni tanki kuukuu. Alisema, "Ni kizibo changu. Nilikiziba mno. Hakuna hewa inayoingia, kwa hiyo petroli haitoki. Gari ni zima. Mimi ndiye niliyelisimamisha."

Isakwisa alisimama, magoti yake yakiwa na vumbi jekundu. "Yaani tangu asubuhi umelibana pua, halafu unahangaika kulipaka dawa ya kifua!" alifoka. "Na mchanga! Na joto! Tukakupa maji yetu ya kunywa ukaloweshee gunia!"

"Ndiyo, mjomba."

"Usiniitikie ndiyo!"

Damari alikuwa ameondoa mkono wake kwenye kiti. "Basi hakuwa yeye," akasema polepole. Akaangalia barabara iliyokuwa ikienda Iringa, kisha akapanda garini. "Endesha," alisema.

Yotamu alikata mfereji mdogo ubavuni mwa kizibo kwa kisu chake, akakishindilia, akamimina hofu yake yote kwenye hendeli. Injini ikawaka, na haikukohoa tena. Walipita Sao Hill, wakapita Ifunda, wakapita Tanangozi huku madirisha yakitetemeka. Yotamu aliendesha kama hajawahi kuendesha. Kila maili ambayo gari lilikwenda bila kukwama ilimchoma, kwa maana ilimwonyesha namna ambavyo siku nzima ingekwenda. Isakwisa alikuwa na saa ya mfukoni, lakini aliacha kuitoa. Walivuka daraja la Ruaha Mdogo jua likiwa limewageukia mgongoni, wakapanda mji, wakashuka upande wa pili.

Kihesa walikutana na watu njiani. Walikuwa wakija kwa vikundi vidogo, wanawake mbele, wanaume nyuma, na wanaume wawili walikuwa na majembe mabegani. Udongo wa kwenye majembe ulikuwa bado mbichi.

Damari aliyaona majembe. Yotamu alihisi bega la mama likilegea, likamwegemea kidogo, kisha likajiondoa.

Mwanamume mmoja mrefu, mwenye nguo ya kazi iliyofuliwa na kupasiwa kwa siku ile, akaja mbio kwenye dirisha. "Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kihehe, akaendelea kwa Kiswahili. "Mimi ndiye Liberatus. Tulifanya kazi pamoja, aliishi kwangu. Tulingoja, mama. Saa kumi ikapita, mwalimu wa kanisa akasema tungoje bado, tukangoja nusu saa nyingine. Lakini siku ya tatu leo. Mwili haukuweza kungoja zaidi."

"Najua, baba," Damari akasema. "Mmefanya vyema. Nipelekeni."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya Liberatus, kwenye mteremko, limeinuliwa vizuri na kusawazishwa kwa jembe. Msalaba wa mbao ulikuwa umechomekwa, mbao yenyewe imepigwa randa na watu wanaoijua kazi hiyo. Damari alipiga magoti. Alifungua fundo, akalitandaza shuka jeupe juu ya udongo tangu kichwani mpaka miguuni, akalinyosha mikunjo. Ndipo akalia. Alilia bila kupaza sauti, na wanawake waliokuwa wamerudi nyuma yake wakalia naye, hata wasiomjua.

Wanaume walisimama kando. Liberatus aliuliza kwa sauti ya chini, "Kulikoni njiani, mzee?"

Isakwisa alimtazama Yotamu. Kule msituni alikuwa amemfokea, na sasa alivuta koti lake, akasema, "Gari kuukuu, mwanangu. Unajua magari haya. Lilituangusha mara tano."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema naam, barabara hii inaua magari. Lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa limekwisha kupita. Yotamu angeweza kuliacha lipite.

"Si gari," akasema. "Ni mimi. Niliziba mdomo wa tanki vibaya, petroli ikawa haitoki. Lingekuwa gari peke yake tungefika saa nane."

Isakwisa akakunja uso kama mtu aliyetupiwa mchanga machoni, akamnong'oneza, "Mjinga wewe, nilikuwa nakuokoa."

"Najua, mjomba. Ndaga."

Damari alikuwa amesikia. Alifuta macho kwa ncha ya kaniki yake, akageuka bado akiwa ameketi chini. "Kijana," alisema, "sitakuambia haidhuru. Inadhuru. Nilitaka kumwona, sikumwona." Akaunyosha ukingo wa shuka. "Lakini ulinieleza kule kule msituni, kabla sijajua kama tutawahi au hatutawahi. Kaa hapo."

Yotamu akakaa pale alipoonyeshwa, kwenye nyasi, mwisho wa kaburi.

Mke wa Liberatus, Matilda, alikuja na bakuli la maji ya moto. Alipiga magoti mbele ya Damari, akaiosha mikono yake ya vumbi, kidole kwa kidole. "Mama," alisema, "mimi ndiye niliyemwuguza. Na alipokwisha, mimi na mama mkwe wangu tulimsafisha kabla wanaume hawajaja."

Damari aliigeuza mikono yake majini, akaikamata ya Matilda. Akaiangalia. Ilikuwa mikubwa, yenye sugu za jembe.

"Alikuwa na ndevu?" akauliza.

"Alikuwa nazo, mama. Fupi, hapa tu kidevuni. Nilitaka kuzinyoa, nikaona zinampendeza, nikaziacha."

"Alipoondoka hakuwa nazo." Damari akapumua. "Na lile kovu? Alijikata kwa shoka akiwa mtoto, juu ya jicho."

"La kulia. Lilikuwapo. Nyusi haioti pale."

"Ndiyo. Haioti. Alikonda?"

Matilda alisita. Alimtazama mumewe, kisha akaamua. "Alikonda, mama. Siku nne za homa si mchezo. Mashavu yalikuwa yameingia. Lakini alipolala, uso ulitulia, ukawa kama wa mtu mdogo kuliko alivyokuwa. Hata Liberatus alisema."

"Nilisema," Liberatus akaitikia kutoka nyuma.

"Na nywele?"

"Mvi mbili tatu, pembeni hapa. Nilizihesabu nikimchana. Alizipata mapema."

"Za baba yake," Damari akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile midomo yake ikasogea kama inataka kucheka. "Baba yake naye hivyo hivyo."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mawe makubwa ya Iringa, na kivuli cha msalaba kilikuwa kimefika kwenye miguu ya Yotamu. Alikuwa amesikiliza kila neno, akijaribu kuyapanga, nyusi, mashavu, ndevu fupi, mvi, uso wa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Damari akamwita kwa kichwa.

"Sogea hapa karibu," alisema. "Mimi nina huzuni, nitasahau. Kesho kutwa tunarudi, njia ni ndefu. Nitakuuliza alikuwaje, nawe utaniambia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akasogea, akaketi kando yake, magoti yake yakigusa shuka jeupe. Damari akaifunga vizuri mikono ya Matilda ndani ya yake.

"Mwambie na huyu," akasema. "Mwambie polepole, usiache kitu."

Matilda akaanza upya, tangu kwenye paji la uso.